Kabla

Siki naijua. Naimwagia kachumbari
siku Magesa akirudi na sangara aliyekataliwa na kiwanda.
Sikujua siki ina kazi nyingine.

Zahanati ya Igombe, benchi la saruji, tuko kumi na mmoja,
nami nimeikaza kanga chini ya kitovu
pale ambapo tangu masika pananiuma
kama mtu anakamua wavu ndani yangu.
Na uchafu pia. Nilidhani ni ziwa,
kusimama majini hadi kiunoni kila alfajiri nikiosha dagaa.
Mama mkwe alidhani mengine, hakuyasema,
aliacha tu kula sahani moja nami.

Nesi Kalunde akaweka mdomo wa bata, wa baridi,
akainama na kurunzi, akanyamaza.
"Leo sipimi. Pamevimba, panatoka usaha,
nikipaka siki hapa itanidanganya.
Tuponye kwanza. Siku kumi na nne, asubuhi na jioni,
na mwenzio vilevile. Kisha urudi."
Akachora nyuma ya kadi kitu kama kitumbua chenye tundu:
shingo ya kizazi.
Miaka thelathini na nne, watoto wanne,
na sikujua kizazi kina shingo.

Mwenzangu yuko Goziba.
Vidonge vyake nikavifunga kwa karatasi ya daftari la Holo,
upande huu hesabu za kuzidisha, upande ule nikaandika:
Meza vyote. Usiulize. Usigawe.
Vikaenda na mtumbwi wa barafu.
Wiki ya tatu pakiti ikarudi na mtumbwi uleule,
vitundu vyote vimetobolewa, neno hakuna.
Amemeza yeye au limemeza ziwa, sijui.

Maumivu yakaondoka. Hapo ndipo nilipotaka kutorudi.
Aliyepona anarudi kufuata nini?
Tena giza lilikuwa limeingia, dagaa tele,
taa za wavuvi usiku utadhani mji umehamia majini.
Kadi nilikuwa nimeichomeka kwenye mwanya wa bati,
tarehe ikininyooshea kidole kila nikipepea moto.
Nilikwenda ili tu iache kunitazama.

Siki. Pamba kwenye koleo. Baridi, kisha muwasho kidogo.
Nesi anatazama saa ya ukutani, dakika inapita,
mimi nahesabu mbao za dari: ishirini na sita.
"Kuna weupe. Upande wa saa tisa."
Nikauliza, saa tisa yetu au ya kizungu?
Akacheka hadi kurunzi ikatikisika,
nami nikacheka, miguu juu, kila kitu wazi,
sijawahi kucheka hivyo maishani.
Kisha akajifuta macho kwa kiwiko:
"Si saratani, mama Holo. Ni kabla."

Kabla.
Darasa la tano mwalimu Bugumba alitucharaza kwa neno hilo:
kabla na ja, kabla na ja, vichwa vya samaki nyie!
Kabla hajafika. Kabla haijaoza.
Kabla hujafa hujaumbika, alisema mama,
tukimcheka kiwete wa Sangabuye.
Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kukaa ndani ya ja hiyo,
akaguswa na chuma cha moto kwa muda wa kukuna nazi nusu,
akaumwa kama siku ya kwanza ya mwezi wake,
akashuka kitandani kutafuta kandambili.
"Wiki sita Magesa alale Goziba," akasema nesi.
Hilo silo gumu.
"Na mwakani urudi."

Jioni niko mchangani. Dagaa wamekauka upande mmoja.
Wingu limesimama juu ya Ukerewe.
Bukwimba anawageuza kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ameubana chini ya kitovu.
"Tangu lini?"
Hajibu. Anatazama wingu.
Tunashika neti, yeye ncha ile, mimi ncha hii,
tunakunja mbio, mchanga unaturukia machoni.
"Bukwimba. Tangu lini?"
Haijanyesha.
Bado haijanyesha.